Daftari na Kabati

Msomaji, wahenga wetu waliojua biashara walituachia neno hili: mali bila daftari hupotea bila habari. Maana yake si ngumu. Mwenye duka aweza kuwa na makabati yaliyojaa vitambaa na bado akafilisika, kwa sababu hajui ana nini, amemkopesha nani, wala kila kitu amekiweka wapi. Kabati hutunza mali, na daftari hutunza habari za mali. Kazi zao zahusiana sana, lakini si kazi moja.

Nia yangu katika insha hii ni kukusimulia jinsi daftari na kabati walivyopata kugombea kitu kimoja, na jinsi ugomvi ule ulivyoamuliwa. Haukutokea dukani, ulitokea ndani ya kompyuta, na kitu kilichogombewa kilikuwa picha. Swali lenyewe ni hili. Mwenye tovuti apokeapo picha, aiweke wapi? Je, aitie ndani ya daftari, yaani ndani ya hifadhidata, pamoja na maandishi yote yanayoihusu? Au aiweke katika kabati, yaani katika faili za diski, na ndani ya daftari aandike jina la picha na mahali ilipo, basi?

Huenda ukasema moyoni, "Haya ni mambo ya mafundi, mimi yananihusu nini?" Yanakuhusu, msomaji. Zamani picha ya babu ilitundikwa ukutani, na picha za arusi zilitiwa katika albamu, na albamu ikafungiwa sandukuni. Leo picha zetu nyingi zakaa katika mashine za watu tusiowajua, katika miji tusiyopata kuifika. Siku moja utaitafuta picha ya mtu aliyekwisha kufariki. Utaipata, au utaona mahali patupu palipoandikwa jina lake, na picha haipo. Mara nyingi tofauti ya mambo hayo mawili hutokana na shauri ambalo fundi asiyekujua alilikata zamani, alipojiuliza swali lile nililolitaja.

Tuanze na kabati, kwa kuwa historia yake ni ya kale zaidi. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa mashine iliyoitwa RAMAC. Kabla ya wakati ule habari nyingi za kompyuta ziliandikwa kwa matundu katika kadi, au katika utepe wa sumaku, na mtu aliyetaka neno lililo mwisho wa utepe hakuwa na budi kuupitisha utepe wote. RAMAC ilikuwa na sahani 50 zilizopakwa sumaku, kila moja yenye upana wa inchi 24, zikizunguka pamoja juu ya mhimili mmoja. Mkono wa chuma ulipanda na kushuka kando yake, ukaingia kati ya sahani na sahani, ukasoma mahali palipotakiwa pasipo kusoma pengine. Mashine hiyo ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja, na sahani zake zote zilichukua herufi milioni 5. Picha moja au mbili za simu ya leo zingetosha kuijaza.

Mwaka uliofuata, 1957, Mmarekani mmoja jina lake Russell Kirsch, aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya serikali ya vipimo, aliiingiza picha ya mwanawe mchanga katika kompyuta. Mashine iliikata picha ile kuwa nukta 176 kwenda chini na nukta 176 kwenda kando, jumla nukta 30,976, na kila nukta ikawa ama nyeupe ama nyeusi. Kwa kazi ile picha iligeuka kuwa hesabu. Kitu kilicho hesabu chaweza kuhifadhiwa penye hesabu nyingine, na hapo ndipo mbegu ya ugomvi wetu ilipopandwa, ingawa ilikaa udongoni kwa miaka mingi.

Diski ilipozidi kuwa kubwa, vitu vilivyowekwa ndani yake vilianza kupotea, kama vipoteavyo vitu katika kabati lisilo na mgawanyo. Mwaka 1965 Robert Daley na Peter Neumann, waliokuwa katika mpango wa Multics, walieleza utaratibu wa kutia faili ndani ya folda, na folda ndani ya folda nyingine, mpaka kabati zima likawa mfano wa mti wenye shina, matawi na majani. Mwaka 1969 Ken Thompson alianza kuutunga mfumo wa Unix katika maabara ya Bell, akisaidiana na Dennis Ritchie, nao wakaifuata fikira hiyo. Katika Unix jina la faili si faili yenyewe. Jina huelekeza kwenye namba. Namba huelekeza kwenye maelezo mafupi ya ukubwa wa faili, mwenye faili, na sehemu za diski ilimoandikwa. Ndipo faili yenyewe ipatikane. Tafadhali liweke jambo hili akilini, maana tutalirudia mbele.

Sifa kubwa ya kabati ni kwamba halichagui mgeni. Barua, wimbo, ramani au picha, vyote kwake ni sawa. Hupokea, huweka, na hurudisha kama ulivyompa. Upungufu wake ni huo huo. Halijui kilichomo. Ukiliambia, "Nipe picha za wanafunzi wote wa mwaka jana," halina la kujibu, isipokuwa wewe mwenyewe uwe ulizitenga tangu mwanzo.

Sasa tulitazame daftari. Katika miaka ya 1960 madaftari ya kompyuta yalikuwako, lakini aliyetaka habari ilimpasa kuijua njia: aanze na kumbukumbu hii, aifuate ile, kisha ile nyingine, mpaka afike. Njia ikibadilishwa, programu zilizoizoea ziliharibika. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa rubani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na wakati huo mtumishi wa IBM huko California, alitoa makala iliyogeuza mambo. Shauri lake lilikuwa kwamba habari zote ziandikwe katika majedwali yenye mistari na safu, na mwenye kuuliza aseme anataka nini, asilazimishwe kusema kimewekwa wapi. Ni kama mwalimu mkuu amwambiavyo karani wake, "Niletee majina ya wanafunzi wa kidato cha pili ambao hawajamaliza karo." Hamwambii karani afungue mtoto wa meza wa tatu na kuhesabu karatasi kumi. Kutafuta ni kazi ya karani, na kuuliza ni kazi ya mwalimu.

Katika maabara hiyo ya IBM alikuwamo pia kijana aliyezaliwa San Francisco mwaka 1944, jina lake Jim Gray. Huyu ndiye mtu wa kumkumbuka zaidi katika historia yetu. Alijishughulisha sana na jambo ambalo watu huliona dogo mpaka siku liwapatapo, nalo ni uaminifu wa daftari. Fikiri umemtumia mama yako shilingi 500 kwa simu. Mambo mawili hayana budi kutendeka: akiba yako ipungue shilingi 500, na akiba ya mama iongezeke shilingi 500. Je, umeme ukikatika baada ya la kwanza na kabla ya la pili? Fedha zako zimetoka na mama hakuzipata. Gray na wenzake waliweka misingi ya kinachoitwa muamala: ama mambo yote mawili yawe, ama lisiwe hata moja, na likiisha kukubaliwa, lisifutwe na ajali yoyote. Kwa kazi hii alipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1998, ambayo ni heshima kubwa kuliko zote katika elimu ya kompyuta.

Daftari la namna hii lilipendwa na mabenki, maduka na serikali. Lakini lilikuwa limezoea vitu vidogo: jina, tarehe, bei, namba. Picha ni kitu kikubwa, na haina neno ambalo daftari laweza kulisoma. Katika miaka ya 1980 watengenezaji wa hifadhidata walianza kutia ndani ya majedwali safu maalumu ya kupokea vitu vikubwa visivyosomeka. Fundi Jim Starkey aliiita blob, jina lililotoka katika sinema ya mwaka 1958 inayohusu donge la ute lililozidi kukua kwa kumeza kila lilichokutana nacho. Mzaha wa jina hilo ulikuwa na onyo ndani yake. Daftari lililofungua mlango kwa picha laweza kuvimba mpaka likamshinda mwenyewe.

Mwaka 1993 programu ya Mosaic, iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, ilianza kuonyesha picha katikati ya maandishi ya kurasa za mtandao. Kurasa zikapendeza, watu wakazidi, na picha zikaja kama mvua za masika. Hapo sasa kila mwenye tovuti alilazimika kukata shauri, na mafundi wakagawanyika makundi mawili. Yafaa tuwasikilize wote wawili, kama wazee wasikilizavyo barazani kabla ya kuamua.

Watu wa daftari walisema hivi. Picha na habari zake ni mwili na kivuli, msivitenganishe. Mkiiweka picha kabatini na jina lake daftarini, siku moja mtu ataihamisha picha asiliambie daftari, nalo litaendelea kuahidi kitu kisichokuwapo. Au mtaufuta mstari daftarini na picha ikasalia kabatini, yatima asiyejulikana ni wa nani, akila nafasi bure. Tena mnapochukua nakala ya akiba, mtanakili daftari saa mbili na kabati saa nne, na kila kilichotendeka kati ya saa hizo kitakuwa na nusu moja bila nusu ya pili. Picha ikiwa ndani ya daftari, muamala huilinda pamoja na jina lake, nakala ni moja, na ufunguo wa kuruhusu na kukataza ni mmoja.

Watu wa kabati wakajibu. Maneno yenu ni mazuri, lakini mwatumia dhahabu kufunikia chungu. Daftari ni mashine ya gharama, iliyotengenezwa kwa kutafuta na kulinganisha. Mwaipa kazi ya kubeba mizigo. Kumbukumbu yake ya haraka, iliyowekwa kwa ajili ya majina na bei, itajazwa na picha. Nakala ya akiba iliyokuwa ikichukua dakika itachukua saa nyingi. Na mgeni aombapo picha, seva yaweza kuichukua katika faili na kumpelekea moja kwa moja. Ya nini kumpitisha kwa karani mwenye kazi nyingine? Watu wengi wakaja kwa wakati mmoja, karani atazidiwa, na hata wanaotaka jina tu watasimama katika mstari.

Waona, msomaji, kwamba kila upande ulikuwa na haki. Ugomvi ambao kila upande una haki hauishi kwa kupaza sauti. Na kweli haukuisha. Kwa miaka kadhaa mafundi walijibizana kwa mazoea: huyu alifundishwa hivi na mkubwa wake, yule aliwahi kuumia akaapa hatarudia. Walisema kwa jumla kwamba vitu vidogo vyafaa daftarini na vikubwa kabatini. Lakini udogo ni upi, na ukubwa waanzia wapi? Mtu akisema mzigo ni mzito, mpe mizani.

Aliyeleta mizani alikuwa Jim Gray. Kwanza, mwaka 1998, yeye na wenzake katika kampuni ya Microsoft walifungua tovuti ya TerraServer. Walichukua picha za nchi zilizopigwa kutoka angani, nyingine za idara ya jiolojia ya Marekani na nyingine za setilaiti za Urusi, wakazikata vipande vidogo vidogo kama vigae vya sakafu, na kila kipande wakakitia ndani ya hifadhidata katika mstari wake. Kwa njia hiyo mtu yeyote mwenye kompyuta aliweza kuitazama nyumba yake kutoka juu. Kazi hii ilionyesha kwamba daftari laweza kubeba picha nyingi mno, kama kila picha ni ndogo. Mtu mwingine angeridhika na sifa hiyo, akatangaza kwamba daftari limeshinda. Zaidi ya hayo kampuni yake ilikuwa ikiuza hifadhidata. Faida ilikuwa upande huo.

Gray hakufanya hivyo. Mwaka 2006, pamoja na Russell Sears na Catharine van Ingen, alitoa taarifa ya majaribio. Walichukua hifadhidata ya Microsoft na mfumo wa faili wa Microsoft, wakavishindanisha kwa vitu vya ukubwa mbalimbali. Ili uyafahamu matokeo, kumbuka kwamba baiti moja yatosha herufi moja, kilobaiti ni baiti elfu na kidogo, na megabaiti ni kilobaiti elfu na kidogo. Waliona kwamba kitu chenye ukubwa chini ya kilobaiti 256 chafaa zaidi kuwekwa ndani ya hifadhidata. Kitu kinachozidi megabaiti 1 chafaa zaidi kuwekwa katika faili. Na kilicho katikati ya mipaka hiyo hutegemea kazi yenyewe, hasa ni mara ngapi kitaandikwa upya.

Neno hilo la mwisho lina hekima ambayo napenda uichukue. Wapimaji wengi huipima diski ikiwa mpya, ambapo kila kitu kimekaa mahali pamoja. Sears na wenzake waliipima pia baada ya kuzeeka, vitu vilipokwisha kufutwa na kuandikwa upya mara nyingi. Kila kitu kifutwapo huacha pengo, na kitu kipya kisichoenea katika pengo moja hugawanywa mapengo kadhaa. Basi picha moja hutawanyika vipande vipande, na kuisoma ni kukimbia huku na huku. Katika uzee huo hifadhidata iliharibika zaidi kuliko mfumo wa faili, ingawa katika ujana wake ilionekana hodari. Nyumba mpya husifiwa na kila mtu wakati wa kiangazi. Ni masika yanayotoa hukumu.

Wakati huo huo jambo jingine lilikuwa likikua. Facebook, iliyoanzishwa mwaka 2004, ilipokea picha kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Mafundi wake walieleza mwaka 2010 kwamba watu walikuwa wamepeleka picha bilioni 65, na kwa kuwa kila moja iliwekwa kwa ukubwa wa namna nne, jumla ilikuwa bilioni 260. Mwanzo walikuwa wamefuata shauri la watu wa kabati: kila picha faili yake. Lakini kumbuka yale niliyokuomba uyaweke akilini: jina huelekeza kwenye namba, na namba kwenye maelezo, ndipo faili ipatikane. Folda zilipokuwa na maelfu ya faili, kuisoma picha moja kulihitaji kwenda diskini zaidi ya mara 10. Walipozipunguza faili katika kila folda, safari zilibaki 3: moja ya folda, moja ya maelezo, na moja ya picha. Safari mbili kati ya tatu zilikuwa za kuulizia njia tu.

Hawakukimbilia katika daftari la Codd, wala hawakubaki na kabati la Unix. Walitunga chombo walichokiita Haystack, maana yake lundo la nyasi. Picha nyingi sana huandikwa moja baada ya nyingine katika faili moja kubwa, na daftari dogo la kuonyesha kila picha yaanzia wapi na ina ukubwa gani hukaa katika kumbukumbu ya haraka ya mashine, isiyohitaji safari ya diski. Basi picha hupatikana kwa safari moja. Tena kila picha ndani ya lundo hubeba jina lake mwenyewe na alama ya kukagulia, ili kwamba daftari likipotea laweza kuandikwa upya kwa kulisoma lundo tangu mwanzo mpaka mwisho. Tazama uzuri wa jambo hili: kabati lilifundishwa desturi moja ya daftari, na daftari likapunguzwa mzigo mpaka likabaki na kazi yake halisi.

Usidhani kwamba hapo watu wa daftari walishindwa kabisa. Mwaka 2000 Richard Hipp alianza kutunga hifadhidata ndogo iitwayo SQLite, ambayo leo imo katika simu nyingi mno duniani, na huenda imo katika simu ya mzazi wako. Watunzi wake walitoa vipimo mwaka 2017 kuonyesha kwamba picha ndogo za kilobaiti 10 hivi zilisomwa ndani ya hifadhidata hiyo kwa wepesi uliozidi faili kwa kiasi cha asilimia 35. Sababu yake ni ya kawaida: kufungua na kufunga faili kuna gharama, na aliye na vitu vidogo elfu hulipa gharama hiyo mara elfu. Mnunuzi wa sukari hafungiwi kila punje katika karatasi yake.

Basi ugomvi uliamuliwaje? Kwa tovuti nyingi za leo suluhu ni hii: picha hukaa nje, katika faili au katika ghala kubwa la kukodi, kama lile ambalo kampuni ya Amazon ililifungua mwezi Machi 2006, na ndani ya hifadhidata huandikwa jina la picha, mwenyewe, tarehe, ukubwa, na alama ya kukagulia, ambayo ni namba ipatikanayo kwa kuihesabu picha yenyewe. Picha ikibadilika hata nukta moja, namba haitalingana, na uharibifu utajulikana. Picha ndogo sana, au zile ambazo kutengana na maandishi yake kungeleta hatari, bado huwekwa daftarini pasipo aibu.

Na kwa kuwa muamala wa daftari haufiki kabatini, mafundi wenye busara hufuata utaratibu. Wakati wa kupokea, picha huwekwa kwanza, na baadaye ndipo daftari liandikwe. Wakati wa kuondoa, mstari wa daftari hufutwa kwanza, na baadaye ndipo picha itolewe. Je, umeona sababu? Ajali ikitokea katikati, litakalobaki ni picha isiyo na mstari, ambayo ni hasara ndogo ya nafasi, na mfagiaji ataiondoa. Haitabaki ahadi isiyo na picha. Kati ya makosa mawili, mwenye akili hupanga mambo ili akikosa, akose lile lililo jepesi.

Sasa nimalize habari ya Jim Gray, maana sikukuambia mwisho wake. Tarehe 28 Januari 2007 alitoka San Francisco peke yake katika mashua yake ya tanga, kwenda kuyamwaga baharini majivu ya mama yake karibu na visiwa vya Farallon, kama ilivyo desturi ya baadhi ya watu wa huko. Hakurudi. Walinzi wa pwani walimtafuta kwa meli na ndege, wasione hata ubao mmoja. Ndipo rafiki zake walipoomba picha za bahari kutoka kwenye setilaiti. Picha hizo zilikatwa vipande vidogo vidogo, zikatiwa mtandaoni, na maelfu ya watu waliojitolea, wengi wao wasiopata kumwona, wakakaa mbele ya kompyuta zao wakikagua kipande baada ya kipande kama kuna doa jeupe la tanga. Mtu aliyeufundisha ulimwengu kuikata picha ya nchi vipande na kuviweka mahali vitakapopatikana, alitafutwa kwa njia ile ile. Hakupatikana, na mwaka 2012 mahakama ilimhesabu kuwa amekwisha kufariki.

Habari hii yahuzunisha, lakini yatuonyesha kwa nini swali letu si la mafundi peke yao. Picha huhifadhiwa ili siku moja mtu aje aitafute, na siku ile aghalabu huwa siku ya haja kubwa. Ajapo, hataulizia jina la mfumo uliotumika. Ataulizia picha.

Kwa hiyo, msomaji, ukijaliwa kuwa fundi, au ukipewa tu kazi ya kutunza picha za chama cha shule yenu, usianze kwa kuuliza njia ipi yasifiwa zaidi mwaka huu. Uliza kwanza picha zako zina ukubwa gani na zitabadilishwa mara ngapi. Uliza ajali ikitokea usiku, kitakachobaki asubuhi ni nini. Uliza nakala ya akiba iko wapi, na kama umewahi kuijaribu kuirudisha. Kisha pima, na upime tena vitu vikiisha kuzeeka, kama alivyopima Gray, ambaye hakuogopa mizani isiyosema lile lililomfaa mwajiri wake. Ukiyatenda hayo, kabati na daftari vyote viwili vitakutumikia, na mali haitapotea bila habari.